Kochi Ambalo Paka Alilikataa

Jamani, mimi ndiye yule dada ambaye paka alimtia aibu mbele ya mtaa mzima.

Na sio paka wa kudokoa samaki jikoni. Huyu ni paka wa kazini. Paka mwenye cheo.

Habari hii imeshazungushwa mpaka imeota mapembe. Wengine wanasema nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa tu. Na kule kukaa ndiko kulikoniokoa.

Sasa tulia nikupe yote.

Kwetu kulikuwa na fundi makochi. Tulimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mfupi, mabega mapana, mdomoni misumari midogo kutwa nzima. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Sasa huyu mzee alipenda wanyama, we acha tu.

Alikuwa na mbwa wa miguu mitatu. Alimkuta njiani ameumia, akamuuguza, akampa jina Stuli. Akasema, "Stuli ina miguu mitatu na inasimama. Na wewe simama." Mbwa akasimama.

Alikuwa na bata bukini anaitwa Kengele. Ukikanyaga mlangoni anapiga kelele mpaka unasahau ulichofuata.

Alikuwa na punda mzee, Mstaafu, aliyemnunua kwa muuza maji siku alipoona magoti yake yanatetemeka. Fundi alimshonea shuka la mgongoni kwa kitambaa cha kochi, maua mekundu, vifungo vya dhahabu pembeni. Yule punda alikuwa anapita mtaani amependeza kuliko bibi harusi.

Halafu kulikuwa na Mkaguzi.

Mkaguzi ni paka wa kijivu, sikio moja limechanika, uso umekunjika kama wa mtu aliyepewa chenji pungufu. Kazi yake ilikuwa moja: kupitisha makochi.

Nakwambia kweli. Hakuna kochi lililotoka kwenye ile karakana bila Mkaguzi kulilalia. Anaingia, anazunguka, ananusa miguu, anaruka juu, anajikunja, analala. Fundi anasema, "Limepita."

Na watu walimwamini! Mteja akipelekewa kochi anainama kwanza kutafuta manyoya. Akiona manyoya, roho yake kwatu. Yale manyoya ndiyo yalikuwa muhuri.

Lakini kabla ya paka kulikuwa na jambo moja zaidi.

Kochi likiisha, Fundi alikuwa anajifungia nalo ndani, peke yake. Anasema, "Msinisumbue, nachukua kipimo cha mwisho." Ukigonga, hakujibu.

Akitoka, shavu lake lina mstari mwekundu, umenyooka toka sikioni mpaka karibu na mdomo. Mimi kwa akili zangu nikajua ni alama ya rula. Kwamba anaegemeza shavu kwenye rula, anafumba jicho moja, anatazama kama kochi limekaa sawa.

Siku moja mteja mwenye haraka zake aligoma kusubiri kipimo cha mwisho. Mkaguzi akaitwa hivyo hivyo. Akalinusa lile kochi, akapiga chafya, akaenda zake. Fundi akamtoa mteja nje, akafunga mlango. Alipofungua, paka akalala kama kawaida.

Tangu hapo mtaa mzima ukajua: siri ya Fundi iko kwenye kipimo cha mwisho.

Mimi nilifikaje pale? Shule niliiacha njiani, mama akanipeleka kwa Fundi nishone vifuniko vya mito. Nilikuwa na aibu mpaka nasalimia watu nikiwa nimegeukia ukuta. Fundi hakunisema. Alinipa kiti kinachotazama ukutani, ili nisihangaike kugeuka.

Akanifundisha yote. Kuvuta mikanda mpaka ilie kama ngoma. Kufunga springi. Kukata sponji kwa kisu kirefu bila kuacha meno. Kushona ile kamba inayozunguka pembeni, iliyovishwa kitambaa, mpaka ikanyooka kama imechorwa.

Yote, isipokuwa kipimo cha mwisho.

Nilikuwa nikimuuliza, anacheka na misumari yake mdomoni. "Hicho hakifundishwi, mwanangu. Hicho kitakujia."

Basi homa ikamjia kabla hakijanijia mimi. Ikambeba Fundi wetu.

Nisikulize, maana mwenyewe hakupenda watu wanaolia karibu na kitambaa. Kinashika madoa.

Akabaki dada yake, ambaye sote tulimwita Shangazi. Nyumba na karakana vikawa vyake. Na Shangazi na wanyama ni maji na mafuta. Kengele alishawahi kumkimbiza mpaka viatu vikabaki uani.

Shangazi akaja, mkono kiunoni.

"Binti, nafungua duka la vyombo hapa. Hao wanyama nitawagawa."

"Mstaafu naye?" Niliuliza ukuta.

"Huyo mwenye maua? Anarudi kwa muuza maji."

Mstaafu avute maji tena na yale magoti!

Sijui ile sauti niliipata wapi. Nikasema, "Shangazi, kuna kochi la Mkunga. Fundi ameliacha mifupa. Niache nilimalize."

Mkunga ndiye aliyetuzalisha nusu ya mtaa. Mama mnene, mcheshi, haongopewi.

Shangazi akaniangalia juu mpaka chini. Akacheka kidogo. "Haya. Siku ya kumkumbuka kaka yangu, kochi liletwe uani watu walione. Mkunga akilichukua, karakana ni yako, na hilo zuu lako libaki. Akilikataa, nafunga. Tumeelewana?"

Nikauambia ukuta tumeelewana.

Ndugu yangu, lile kochi nilijua kulibembeleza! Nilifumua mshono nikashona tena mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyeshika sindano jana, matundu matupu. Nikaweka bilauli ya maji juu ya kochi, maji hayakuinama. Nikaegemeza shavu kwenye rula, nikafumba jicho moja. Nikafumba la pili. Sikuona kitu.

Nikasema potelea mbali, kipimo cha mwisho changu kitakuwa usafi. Nikalifunika nailoni. Hakuna kugusa. Seremala wa jirani alitaka kulijaribu, akashusha makalio, nikampigia ukelele hata Kengele akanyamaza.

"Makubwa!" akasema seremala. "Kumbe bubu ana spika."

Siku ikafika.

Uani pamejaa. Seremala yupo, muuza vitambaa yupo, muuza maji yupo, tena kaja na kamba mkononi, mtu ana haraka huyo! Stuli kalala chini ya meza. Mstaafu kavaa maua yake. Watu wanamzungumzia Fundi na kucheka, maana kila aliyesimama alikuwa na kisa cha kuumwa na Kengele.

Kochi likatolewa. Nikavua nailoni.

Watu wakastaajabu, "Aaah!" Kitambaa cha kijani, pembe zimekaa, kamba ya pembeni imenyooka. Mimi mwenyewe nilitamani nipige vigelegele.

Mkunga akalizunguka. "Zuri. Lakini mimi silibebi bila manyoya. Mkaguzi yuko wapi?"

Mkaguzi akaja taratibu, mkia juu.

Akanusa mguu wa kwanza. Akanusa mkono wa kochi. Akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya kochi, akautoa, akautikisa kama aliyekanyaga maji.

Akapiga chafya.

Akageuka, akaondoka.

Kisha nikasikia mtu anasema, "Mama yangu, limefeli."

Muuza maji akakunjua kamba.

Shangazi akapumua. "Basi, tumeona wote. Binti, lete funguo. Ila kabla hujaondoka, sema neno moja la kaka yangu, maana wewe ndiye uliyekaa naye."

Niseme? Mimi? Mbele ya watu?

Magoti yakagoma, mimi na Mstaafu tukawa sawa. Nikatafuta ukuta, hakuna ukuta. Kilichokuwa karibu ni kochi.

Nikakaa.

Tena sikukaa tu. Nilijitupa, nikaficha uso kwenye mkono wa kochi, shavu limegandamana na kamba ya pembeni. Nikaanza kusema nikiwa humo humo.

"Ongeza sauti!" seremala akadai.

Nikaongeza. Nikawaambia jinsi Fundi alivyokuwa anamuomba Mstaafu ruhusa kabla ya kumpima shuka. Jinsi panya alivyozaa ndani ya gunia la sponji, Fundi akakataza tusiliguse mpaka watoto wafumbue macho, wateja wakasubiri, na Mkaguzi akafungiwa chumbani kwa Fundi kama mtuhumiwa. Jinsi alivyomeza msumari kwa kucheka siku Kengele alipomfukuza mtu aliyekuja kudai kodi, halafu akakaa kutwa nzima anamwambia Stuli, "Kaa mbali, nina chuma tumboni, nitapata kutu."

Watu wakacheka. Nikasikia Mkunga anajipiga mapaja. Na mimi nikacheka, machozi yakanitoka, nikayafutia kwenye kitambaa. Mungu anisamehe, na Fundi pia.

Sijui nilisema kwa muda gani. Ninachojua, niliponyanyuka kumpa Shangazi funguo, hofu ilikuwa imekwisha.

Nikanyoosha mkono.

Shangazi hakuzipokea. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Mkaguzi alikuwa juu ya kochi.

Pale pale nilipotoka, kwenye kile kishimo changu chenye joto. Akazunguka, akajikunja, akaficha pua kwenye mkia. Akakoroma.

Ua likalipuka! Kengele akadhani amevamiwa, akaanza kuuma yeyote aliye karibu, na aliye karibu alikuwa muuza maji. Kamba ilibaki chini, mwenyewe hatukumwona tena.

Lakini Shangazi hakushangilia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso.

"Hebu. Shavu lako hilo."

Nikapapasa. Kuna mstari. Umenyooka, toka sikioni mpaka karibu na mdomo.

Shangazi akaanza kucheka. Kwanza polepole, halafu kilemba kikadondoka, halafu akashikilia shingo ya Mstaafu asianguke. Yeye! Amemshika punda!

"Kaka yangu muongo!" akasema. "Muongo mkubwa! Tangu utoto wetu hawezi kupita penye kitu laini asijilaze. Mama alikuwa anamkuta amelala juu ya nguo zilizofuliwa, shavu lina alama ya pindo. Kipimo cha mwisho! Kipimo gani! Alikuwa *analala!*"

Tukatazamana.

Yaani miaka yote ile. Mlango umefungwa. "Msinisumbue." Fundi yuko juu ya kochi la mtu, anauchapa usingizi! Na Mkaguzi hakuwahi kukagua kochi hata moja. Alikuwa anafuata joto la Fundi, na harufu yake.

Na mimi nimelifunika langu nailoni, hata nzi asitue. Paka angemfuata nani?

Seremala akauliza, "Sasa kumbe paka hajui makochi?"

Mkunga akamjibu, "Anajua mafundi." Halafu akanigeukia. "Mwanangu, mwamshe taratibu huyo paka. Nalichukua, na manyoya yake."

Shangazi akazibana funguo kiganjani mwangu, akanifumba vidole mwenyewe.

Karakana ipo. Mstaafu ana shuka jipya, la kijani, mabaki ya kochi la Mkunga. Mkaguzi bado ana kiburi. Mimi bado nina aibu, ila kiti changu nimekigeuza, sasa kinatazama mlango.

Na unajua nani anachukua kipimo cha mwisho siku hizi, nikiwa na kazi nyingi?

Shangazi.

Anakuja baada ya chakula cha mchana, anafunga mlango, anasema tusimsumbue. Anakoroma mpaka springi zinaitikia. Juzi nilichungulia dirishani, nikamkuta amelala chali, na kifuani kwake kalala Kengele.

Somo langu ni dogo, kama la darasa nililoishia. Kazi ya mikono yako usiifunike nailoni ukisubiri wengine waje kuikubali. Ikalie wewe kwanza, ilalie, iachie joto lako.

Aliyekupenda atalifuata hilo joto, hata kama ana sikio moja lililochanika na uso wa kudai chenji.