Poti ya Mzee Kondo

Kuna mchana mmoja, mwanangu, ambao haunitoki kichwani. Nikijilaza hapa barazani Madale, upepo wa kilimani ukinipitia na macho yakianza kuwa mazito, naviona tena vile vitaa vya kijani vikikonyezana ukutani. Nakumbuka joto la Temeke, feni inayozunguka bila haraka, harufu ya wino. Nakumbuka na ujinga wangu. Huo hata usingizi haujaufuta.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Kompyuta zilikuwa zinaingia mjini kwa fujo, na mie, binti wa miaka ishirini na nne, nilikuwa fundi wa mtandao katika kiwanda cha uchapaji kule Chang'ombe. Fundi mwenyewe sasa! Nilikuwa na kozi ya miezi sita na majivuno ya miaka mia. Kazi yangu ilikuwa kuitunza swichi, lile sanduku bapa la ukutani lenye vitaa vya kijani na matundu tunayoyaita poti, ambamo nyaya za kompyuta zote hukutana. Upande huu walikaa wachoraji wa kurasa na kompyuta zao mpya. Upande wa pili, kwenye poti ya nne, alikuwa Mzee Kondo na kompyuta kuukuu iliyopokea kurasa na kuzipeleka mtamboni.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa pale pale Temeke, mtaratibu mpaka anakera. Alianza kazi enzi za herufi za madini ya risasi, walipokuwa wakipokezana kurasa nzito mikononi. Akabaki na desturi ya wakati ule: anayepokea lazima aseme "nimeshika", na anayetoa haachii mpaka alisikie neno hilo. Hata ukimpa kikombe cha chai, atakikamata, atasema "nimeshika", ndipo uachie. Sie vijana tulimwigiza tukicheka mpaka mbavu zinauma. Mungu anisamehe.

Sasa ile swichi ilikuwa na mpangilio mmoja, udhibiti wa mtiririko. Ukiuwasha kwenye poti, kompyuta iliyolemewa inaweza kusema "ngoja kwanza", na swichi inangoja kidogo kabla ya kuendelea. Tena sharti uwashwe pande zote mbili, kwa anayesema na kwa anayesikiliza. Kompyuta ya Mzee Kondo ilikuwa inasema ngoja kila saa. Wachoraji wakanijia juu: "Rehema, mtandao wako unatambaa!" Nami sikutaka kuonekana siwezi kazi. Nikaingia kwenye swichi, nikauzima ule mpangilio kwenye poti ya nne.

Mzee Kondo aliniona, akainua kiganja. "Ngoja kwanza, binti. Hii yangu ikijaa, kinachozidi kitakwenda wapi?"

"Mzee, mambo haya nyie hamyawezi," nikamjibu. Hata shikamoo sikuwa nimempa siku ile.

Kiganja kilibaki juu kidogo, kisha akakishusha na kurudi kwenye kiti chake.

Vitaa vikaanza kukimbia. Ee, vilipendeza! Nilikaa nikivitazama kama mtu anayeota, wachoraji wakinipigia makofi, jua la saa tisa likipenya dirishani na kutandaa juu ya meza. Kumbe muda wote ule kompyuta ya mzee ilikuwa inapiga kelele za ngoja, na poti haisikii tena. Kilichozidi kilimwagika, na programu yetu ya kienyeji haikuwa na kawaida ya kuuliza kama mzigo umefika.

Siku ya tatu yake vitabu vya hesabu vya darasa la nne vikatoka mtamboni na mistari imeruka. Swali lipo, nusu yake haipo. Meneja akafoka: nani aliyepokea kurasa hizi? Mzee Kondo. Nani mtu mzima, macho mazito, kompyuta kazikutia ukubwani? Mzee Kondo. Ikasemwa Ijumaa atapewa barua aende nyumbani.

Na mie nilikuwa nimeshajua. Nilikwisha kufungua swichi nikaona jinsi poti ya nne ilivyotupa vipande kwa maelfu. Nikauwasha mpangilio kimyakimya, pande zote mbili, nikafunga mdomo. Siku mbili, mwanangu! Kila nikipita namkuta mzee anafuta kompyuta yake kwa leso, polepole, na salamu yangu anaiitikia vizuri tu. Hilo ndilo lililonimaliza.

Ijumaa asubuhi tukaitwa wote. Barua iko mezani, Mzee Kondo amesimama na kanzu yake nyeupe. Meneja alipoanza kuisoma nikasikia sauti yangu inasema, "Ni mie." Likazuka zogo. Meneja anauliza, wachoraji wanabisha, kila mmoja na lake, nami nikianza kumjibu huyu, yule ameshauliza lingine, na machozi yananitoka.

Mzee Kondo akainua kiganja. "Ngojeni kwanza. Mnammwagia maneno, na binti ameshajaa. Mwacheni aseme kidogo kidogo."

Meneja akaketi, wachoraji wakarudi nyuma. Nikasema yote, hata lile la kuuwasha kwa siri. Nilipomaliza akanitazama, akasema, "Nimeshika." Meneja akaichana ile barua. Mie nikapelekwa kufungasha vitabu miezi mitatu, na nilistahili. Mzee Kondo aliendelea na kazi mpaka alipochoka mwenyewe.

Basi wewe unayeanza kazi, nakuasa. Mtu akikwambia ngoja, usimwone mzembe. Muulize ameelemewa na nini. Ukijaa wewe, sema umejaa, usione haya. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Na wakubwa waamkie, hata siku ambayo unajiona unajua kuliko wao. Hasa siku hiyo.

Mwenyezi Mungu akupe kazi ya kukutosha na moyo wa kusubiri, akuepushe na fedheha niliyoipata mie, na kila utakayemlemea akutane na sikio lako likiwa wazi. Amina. Haya, nimekunyooshea yote niliyokuwa nayo, mwanangu, na siachii bado. Sema, umeshika?