Kituo kisicho na mtu kilivyonifichia Lado kwenye 7 MHz

Saa kumi na moja na dakika saba jioni, siku ya Alhamisi, ndipo niliposikia mlio ule kwa mara ya kwanza. Najua dakika kwa sababu niliiandika, na daftari lenyewe liko hapa mezani.

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Haya ninayoyaleta sijayaongezea chumvi. Nimebadilisha majina, basi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Lodwar. Nilikuwa fundi wa redio, nimepanga chumba Kanamkemer. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nilijisomea kwenye vitabu vya mitumba, mwisho nikapanda basi hadi Nairobi, nikafanya mtihani, nikapata leseni ya redio ya ridhaa.

Kwa wasiojua: redio ya ridhaa ni watu wa kawaida wenye leseni wanaowasiliana kwa mawimbi bila malipo. Hakuna mwenye frikwensi yake. Zote ni za wote. Ndiyo maana tuna desturi moja iliyo juu ya nyingine zote: kabla ya kurusha, sikiliza. Kisha uliza kama kuna mtu. Kisha ngoja.

Desturi hiyo niliishika kama wengine wanavyoshika Sabato.

Aliyenifundisha alikuwa Lado, fundi kutoka Juba, aliyekuwa akiishi kambi ya Kakuma na mke wake na mabinti wawili. Alikuja kwangu kutafuta vipuri, akakuta natatizika na Morse, ile lugha ya nukta na mistari. Kwa miezi minne alinifundisha kwa kugonga kijiko kwenye kikombe cha chai. Alikuwa na mkono wake, yaani mtindo wake wa kugonga. Mstari wa mwisho wa kila neno aliuvuta kidogo, kama mtu anayesita kufunga mlango.

Baadaye aliitwa kuvuka mpaka, kwenda kutunza jenereta na mitambo ya hospitali ndogo huko kwao. Alimwambia mke wake ni mwaka mmoja. Ukawa miwili.

Tulipatana hivi: kila siku saa kumi na moja jioni, frikwensi moja ya 7 MHz, kwa Morse, maana redio yake aliiunda mwenyewe na nguvu yake ilikuwa ya kuwashia tochi. Na sheria yetu ya pili, ambayo niliipendekeza mimi: ukikuta frikwensi ina mtu, usimsumbue. Panda kilohezi tano, niite huko.

Nitangulie kukiri kwamba leseni haikuturuhusu kupitisha habari za watu wengine. Lakini mtu akiuliza mke wake hajambo, mimi nilihesabu kuwa ni salamu.

Mke wake tulimwita Mama Poni. Kila Jumamosi ya pili alitoka Kakuma kwa lori la Ekai, Mturkana jirani yangu, kilomita mia na ishirini za vumbi, akae kwenye kiti changu cha plastiki asikilize milio ya pi-pi-pi asiyoielewa.

Mara ya kwanza nilianza kumsomea herufi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Usiniambie kwanza, fundi. Wacha nisikie yeye."

Alisikiliza hadi mwisho, macho chini. Ndipo akasema, "Haya. Sasa niambie amesema nini."

Ekai hakuamini lolote. Alisimama mlangoni, akanisalimia kwa Kiturkana akitazama antena yangu, waya uliofungwa kati ya miti miwili ya mikoma.

"Ejok, fundi. Hiyo waya yako nimeona inaanika nguo. Kuongea bado sijaona."

"Mzee Ekai, wewe peleka lori," Mama Poni alimjibu. "Bwana yangu si diseli, huwezi kuona kwa ndoo."

Sasa turudi kwenye Alhamisi ile.

Saa kumi na moja na dakika saba ulianza mlio kama panzi wawili wanaobishana. Mmoja anakata, anangoja, anakata tena. Ulikuwa na nguvu ya kufunika kila kitu. Niliutambua kwa kusoma, si kwa kuzoea: ni kituo kinachojiendesha. Kompyuta imeunganishwa na redio, inapokea barua za kielektroniki na kuzipeleka mbele. Hakuna mtu kwenye kiti. Mashine hiyo haisikilizi kwanza. Haiulizi kama kuna mtu. Saa yake ikifika, inarusha.

Nilifanya kama sheria yetu inavyosema. Nilipanda kilohezi tano, nikamwita Lado. Kimya.

Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile, na Mama Poni amekaa kwenye kiti.

"Leo hayuko?"

"Pengine betri, mama."

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila jioni nilifungua frikwensi ya zamani, nikasikia panzi, nikahama. Nilikaa kule juu saa nzima, penye utulivu, nikiita. Kulikuwa safi kabisa. Hata leo nakumbuka usafi ule.

Mama Poni aliporudi, hakukaa. Alikuwa na karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Majina yake na ya watoto yalikuwa kwenye orodha ya kwenda kuishi ng'ambo. Maofisa walitaka kujua kuhusu mume: yu hai, na atakuja Kakuma kuhojiwa na familia? Mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Nikisema yuko na yeye haji, faili inalala. Nikisema sijui, jina yake inatoka." Aliikunja karatasi. "Mimi nataka neno moja tu, fundi. Aseme nenda, ama aseme ningoje. Moja tu. Nitafanya hiyo."

Nilimwahidi kwamba nitalipata.

Siku tatu zilizofuata niliutafuta mlio ule. Nilitengeneza antena ya duara kwa waya na fremu ya mbao, nikaifunga kwenye redio ndogo, nikatembea mji mzima nikiizungusha. Watoto walinifuata wakiuliza kama natafuta maji. Siku ya tatu nilifika kwenye ua mmoja wenye mlingoti mrefu, hata kilomita mbili hazifiki kutoka kwangu.

Mwenye mashine alikuwa mwanaridhaa kama mimi, mwenye leseni halali, aliyefanya kazi mjini. Nilimkuta mlinzi.

"Mwenyewe ameenda likizo. Miezi miwili."

"Na mashine?"

"Inajifanyia kazi. Haina likizo."

"Naomba uizime nusu saa tu. Saa kumi na moja hadi na nusu."

"Mzee wangu, niliambiwa nimwagilie mpapai na nisiguse ile sanduku. Mpapai ukikauka nitasema ni jua. Sanduku ikizima nitasema ni nini?"

Frikwensi ni za wote, na mashine yake ilikuwa na haki kama mimi. Nilirudi nyumbani, nikapanda kilohezi tano, nikaita. Alhamisi niliita kuanzia saa tisa mchana hadi giza.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Ekai ampelekee Mama Poni jibu: sijampata.

Ekai safari hiyo hakutania. Aliniuliza, "Nimwambie amekufa?"

"Hapana. Mwambie sijampata."

"Kwa mama anangoja, hiyo ni kitu moja," akasema, akawasha lori.

Mama Poni alijibu kwamba hajui aliko mume wake. Jina la Lado likatolewa. Nilidhani mambo hayo huchukua mwaka, lakini nafasi za ndege zilipatikana mapema, na Jumatano moja, wiki tatu baadaye, yeye na mabinti waliondoka Kakuma. Hakupitia Lodwar. Alinitumia salamu kwa Ekai, na kitambaa cha kufunika redio alichokishona maua mekundu.

Jumapili iliyofuata niliketi kumwandikia mwenye mashine barua ya malalamiko. Nikitaka barua iwe na vipimo, nilirudi kwenye frikwensi ya zamani na saa ya mkononi ili nipime mlio: unakata sekunde ngapi, unangoja ngapi. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuusikiliza zaidi ya dakika mbili. Nilikuwa naukimbia.

Ulikata. Ukangoja karibu sekunde tatu.

Ndani ya zile sekunde tatu nikasikia Morse. Dhaifu, kando kidogo ya mlio. Herufi mbili tu, na mstari wa mwisho umevutwa.

Niliweka kalamu chini. Mlio ukaanza, ukakata. Herufi tatu nyingine. Alikuwa anaita jina langu la redio.

Lado hakuwa amehama. Kwa nini ahame? Kwake frikwensi ilikuwa tupu. Mlingoti ule wa kusimama ulitambaza mawimbi chini kwa chini, ukinifunika mimi niliye jirani, na mengine yakaenda mbali sana. Kilomita kama mia tatu alipokuwa yeye, hayakushuka. Hakuna hata siku moja aliyowahi kuusikia mlio huo. Alikaa pale tulipopatana, kila jioni, akaniita, wiki zaidi ya sita. Nami kila jioni nilisikia panzi, nikamwachia frikwensi kwa adabu, nikaenda kumngoja mahali ambapo hakujua kuna sababu ya kwenda.

Nilidhani ninachosikia mimi ndicho anachosikia yeye. Mimi, niliyesoma vitabu vyote vile.

Nikamjibu kwenye mapengo. Sekunde tatu zinatosha herufi nne au tano za mkono wa haraka. Ilituchukua dakika arobaini, yeye akirudia kila neno hadi nilikamilishe, kusema yafuatayo.

Yeye: MAMA PONI YUKO HAPO

Mimi: HAPANA

Yeye: YUKO KAKUMA

Mimi: WAMEPELEKWA NG'AMBO JUMATANO

Mlio ulikata mara tano, na mara zote tano hakukuwa na kitu ndani. Kisha:

Yeye: NIMEOMBA RUHUSA KAZINI NIMEPATA. NGOJA NAKUJA NJIA IKIFUNGUKA. NAITA NIMWAMBIE HIVYO

Nilimuuliza tangu lini.

Yeye: WIKI YA KWANZA

Nilituma herufi zile mbili tunazomalizia nazo, naye akazirudisha.

Mwenye mashine aliporudi nilimpelekea barua mkononi. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Alisema, "Sikujua kuna mtu pale." Aliweka saa ili kituo kinyamaze jioni, na hakuwahi kuvunja ahadi hiyo. Alikuwa mtu mwema. Hili nalisema kwa sababu najua baadhi yenu mtamtukana kwenye comments.

Lado alisikika hewani miezi kumi mingine. Tulijaribu kwa barua kurudisha jina lake kwenye orodha, haikuwezekana. Mama Poni aliandika mara mbili kutoka mji wenye theluji, akiomba nimwambie jinsi Lado anavyolia hewani, yaani Morse yake ilivyo sasa. Nilimjibu kwamba haijabadilika. Kisha barua zake zikakoma kufika, na jioni moja Lado hakuita, wala kesho yake. Sijui zaidi ya hapo. Saa kumi na moja bado huniuma mahali. Nikiwa safarini huangalia saa, nikanyamaza kidogo, na watu hudhani nasali.

Nilichojifunza: ukisikia kelele, usidhani mwenzako naye anaisikia. Kabla ya kuhama, hakikisha amejua unahama. Na usikimbie kelele kabla ya kusikiliza kilicho ndani yake.

Wenye uzoefu wa vituo hivi vinavyojiendesha, au waliowahi kupotezana na mtu kila mmoja akingoja mahali pake, karibuni mwandike hapa chini. Nitasoma zote.

Kuna atakayeuliza kama hakukuwa na dawa ya kiufundi. Ilikuwepo. Lado alikuwa kando ya mlio, si chini yake, na kichujio chembamba cha Morse kingemtenganisha siku ya kwanza. Duka moja la Nairobi lilikuwa nacho, ningekipata kwa posta. Miezi mitatu kabla ya Alhamisi ile nilikipigia hesabu, nikaona si lazima, nikaokoa shilingi elfu nne mia nane na hamsini.