Uso wa Mama Mkwe

Mwaka ule wa corona niliishi nyumba moja na mama mkwe wangu, sisi wawili peke yetu, majuma mengi, bila kumwona uso. Asiye wa kwetu atadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja, na ningekuwa mwongo nikisema simpendi.

Kwetu Usukumani mama mkwe haangaliwi. Siku hizi wapo walioacha, wanakaa na wakwe zao sebule moja na kugombania rimoti, lakini yeye alikuwa wa kizazi cha zamani na mimi nililelewa na watu wa aina yake. Ukikutana naye njiani unampisha. Unamsalimia ukiwa umegeukia pembeni. Kula naye hapana, kushikana mikono usiulize. Miaka sita ya ndoa nilikuwa namjua kwa mgongo na kwa kanga aliyojifunika kichwani.

Mke wangu ni muuguzi, na wakati huo kituo chake kilikuwa Ukerewe. Mama yake alikuwa amekuja kwetu Kiseke kwa ajili ya kliniki ya presha, na ugonjwa ulipoanza kutajwa redioni mke wangu aliamua mama asirudi kwao Kisesa, ambako nyumba yao haiishi wageni. Mke wangu mwenyewe alikataa kuja hata siku za mapumziko, akihofia kumbebea mama yake kitu kutoka wodini. Alinipigia simu akanipa amri moja tu, mama asiugue. Nilimjibu kwa utani kwamba mimi ni mpokea wageni, si malaika. Hakucheka.

Hoteli niliyofanyia kazi, kule ufukweni, ilikuwa imefungwa kwa kukosa wageni. Nilipita mara moja kuiangalia. Ziwa lilikuwa limejaa mwaka ule kuliko nilivyowahi kuona, limemeza mchanga wote, na milingoti ya miavuli ilisimama ndani ya maji kama watu wanaosubiri kuitwa. Hapakuwa na upepo wala mtu. Nilirudi nyumbani haraka kuliko nilivyokwenda, nikafunga geti kwa kufuli, nikaona aibu kidogo maana ilikuwa saa nne asubuhi.

Nyumba yetu ina korido moja. Chumba changu kilikuwa mbele, chake upande wa uani, jiko na choo katikati. Tulifuata adabu ile ya wazee bila hata kuizungumza: anayetaka kupita anakohoa kidogo, mwenzake anaingia chumbani na kufunga mlango. Nakohoa, nasikia mlango unafungwa, napita. Anakohoa, nafunga wangu. Asubuhi namwamkia nikiwa koridoni, nimegeukia ukutani, "Shikamoo mama," na sauti inajibu nyuma ya mbao, "Marahaba baba."

Basi nikaanza kuishi na mtu ambaye ni alama tu. Nilikuta ugali na sato chini ya kawa, moto, na jikoni hamna mtu. Nilikuta nyayo za maji kwenye saruji, zinakauka mbele ya macho yangu kuanzia kisigino. Nilikuta kigoda uani kina joto la aliyekuwa amekalia. Mtaa nao ulikuwa kimya kiasi kwamba pimbi walishuka kutoka kwenye mawe nyuma ya nyumba wakakaa juu ya ukuta, wamepangana, wakitazama dirisha lake. Niliwafukuza kwa kokoto. Wakasogea kidogo, wakaendelea kutazama. Nakiri niliwachukia wanyama wale.

Siku moja chai ya tangawizi haikuwa na ladha. Nikaongeza tangawizi, nikaongeza sukari, yalikuwa maji ya moto tu. Nikanusa kitunguu, hakuna. Nikajua, na nikaogopa, si kwa ajili yangu. Nilisogeza godoro mbali na upepo wa korido nikajifungia chumbani. Nikamwambia mama kwa sauti, kupitia mlangoni, kwamba nina mafua na asiniwekee chakula.

Kisha kikohozi chenyewe kikaja. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kunitisha. Nilipokohoa nilisikia mlango wake unafungwa, kama kawaida, kwa sababu mkwe amekohoa na anataka kupita. Lakini sikuwa napita, nilikuwa nimelala. Nilikohoa tena, ukafungwa tena. Mara ya tatu, ya nne, mchana kutwa, mlango ule ule unafungwa na sijausikia ukifunguliwa. Homa ilikuwa imepanda. Nilianza kuhesabu milango ya nyumba yangu mwenyewe na sikupata idadi iliyonifaa.

Kumbe alikuwa akiufungua polepole ili aje. Na kila alipofika kizingitini nilikohoa, na adabu ya miaka yake yote ilimrudisha ndani kabla hajafikiri.

Siku iliyofuata, jua likiwa kichwani, nilikohoa hadi nikakosa pumzi, na mlango haukufungwa. Nilisikia nyayo. Katika majuma yote yale nyayo zile zilikuwa zikiniondokea, sasa zilikuwa zinakuja. Kuna hofu ambayo sitaisahau, ya mtu mzima anayevuta shuka hadi puani kwa sababu mama mkwe wake anatembea koridoni.

"Baba, hicho si cha kupita," alisema mlangoni.

Nilimwomba arudi. Nilimwambia mwanae aliniachia kazi moja tu. Akasema mwanae amemzaa yeye, na akaingia akiwa na sufuria la nyungu, mikaratusi na mchaichai na malimao, mvuke umemtangulia. Alinikalisha mimi niliyemzidi uzito mara mbili. Akatupa blanketi juu yangu. Nilikuwa dhaifu, kichwa kinaniangukia ndani ya sufuria, hivyo akaingia na yeye chini ya blanketi akakishika kwa mikono miwili.

Mwanzoni ilikuwa giza na moto na pumzi zake. Halafu blanketi likafunguka kidogo upande wa dirisha na mwanga ukaingia, na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa mikononi mwake sikuwa na pa kugeukia. Nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu, aliyezeeka ghafla, unatoka mvukeni ukinitazama. Nywele zilinisimama. Nilitaka kulia na nikalia, na yeye akanifuta kwa kanga yake.

Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne niliweza kusimama, na yeye hakutoka chumbani kwake.

Nilikohoa kwa adabu, nikagonga, nikaingia bila kuitikiwa. Alikuwa amelala amegeukia ukuta, na hata nilipomlisha uji hakunigeukia. Hakuwa na nguvu za kujifunika kanga kichwani, nikamfunika mimi. Pumzi zilipoanza kukatika nilimbeba hadi kwenye bajaji. Hospitali walimpokea vizuri, wakamwekea oksijeni, wakanizuia mlangoni. Alfajiri wakaniita. Hawakutupima, mimi wala yeye, na hadi leo sijui kwa hakika kilichopita nyumbani kwetu kilikuwa nini. Ninachojua ni kwamba alikifuata chumbani kwangu.

Mke wangu alifika na feri ya asubuhi. Jeneza lilikuwa limeshapigiliwa, na wale waliovaa mavazi meupe walisema halifunguliwi. Yeye muuguzi, alielewa kila walichosema, na bado aliliwekea mkono kifuniko kana kwamba anajaribu kama kimelegea. Tulimzika Kisesa, watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake. Mimi nilisimama mbali zaidi, nyuma ya migomba, panapomstahili mkwe.

Mke wangu alinifuata huko watu walipotawanyika. Nilisubiri aniulize kwa nini mama aliugua. Nilikuwa tayari kwa hilo.

"Ulimwona?" aliniuliza.

Kwetu hilo haliulizwi. Nikasema nilimwona.

"Mimi nina miezi sijamwona. Niambie alivyokuwa."

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya kovu dogo chini ya jicho la kushoto, nyusi zilizokaribia kukutana, mstari wa kati wa paji la uso ambao haukuondoka hata alipotulia, pengo la meno ya mbele. Alisikiliza amefumba macho, machozi yanaingia ndani ya barakoa. Nilipomaliza aliivua, akajifuta, akaniomba nianze tena, taratibu.

Nikaanza tena, nikimtazama yeye usoni ili nisikosee.