Koili Mbili za Redio ya Misungwi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi Mama Kabula alipoirudisha redio yake kibandani kwetu Mabatini, tulikotengeneza redio. Alikuwa ametoka nayo Misungwi, imefungwa kwenye khanga. Mumewe alikuwa amepooza, na redio ile ndiyo iliyomletea dunia kitandani.

"Jana hapa iliongea," aliniambia. "Nyumbani inakoroma tu. Mzee amegeukia ukutani, hataki hata uji."

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Redio za kila aina ziliingia kutoka nje, lakini vipuri vyake havikuonekana. Koili ya redio yake, ule waya wa kunasa kituo, ilikuwa imeungua, nami siku iliyotangulia nilikuwa nimetengeneza mbili mpya juu ya vibao vya shaba, bapa, zimejizungusha kama dawa ya mbu. Moja niliirekebisha kwa skrubu iliyoshusha kipande cha feraiti, kile kijiwe cheusi chenye asili ya chuma, juu yake, nyingine kwa kisahani cha shaba. Nilizilinganisha. Ya feraiti ikatoa sauti kubwa, nikaifunga hiyo, nikajiona fundi.

Mficha uchi hazai. Basi asubuhi ile nikamweleza Mzee Rwegasira, mwenye kibanda, aliyenifundisha kazi.

"Nionyeshe ulivyopima," alisema.

Nikaingiza bisibisi ya chuma, nikazungusha skrubu. Sauti ikaja safi.

"Sasa toa mkono."

Nikatoa. Kituo kikapotea.

"Bwana mdogo, hukupima koili. Ulipima koili pamoja na bisibisi. Chuma kikikaribia, koili inabadilika."

"Kumbe ningempelekea mzee wangu na bisibisi," Mama Kabula akasema, nasi tukacheka, mimi kwa aibu.

Mzee Rwegasira akanichongea kijiti cha mwanzi kiwe bisibisi isiyo na chuma. Nikazipima upya zote mbili, kila mara nikitoa kijiti na kusubiri. Ya feraiti ilipoteza kituo nilipoitikisa kidogo. Ya kisahani ilikuwa na sauti ndogo, lakini ilikaa kwenye kituo. Nikaifunga, nikamsindikiza mama hadi Misungwi.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mumewe nilipoiwasha kando ya kitanda.

"Marahaba. Nyamaza basi, nisikie."

Nimehama miji mingi tangu hapo, na kosa lile nimelirudia zaidi kwa watu kuliko kwa redio. Mwanangu, kabla hujasema hiki ni bora kuliko kile, jiulize ni kiasi gani cha ubora huo ni mkono wako. Hata mwanao usimwite mtulivu ukiwa umemshika bega. Mwachilie, usubiri, ndipo useme.

Mungu akujalie subira, na akupe watu wa kukukosoa bila kukudharau.