Jeli Kwenye Kidole cha Baba

Kazini wanamwita Mpishi, na jina limemganda. Asubuhi utamkuta maabara amejifunga aproni, anakoroga sufuria ya jelatini, glisirini na chumvi, ungedhani ana wageni wa chakula cha mchana. Lakini apikacho hakiliwi. Humwagwa kwenye sinia, kikaganda kuwa jeli laini, kisha hukatwa vipande vidogo viitwavyo vihisi. Ukikipinda kihisi kidogo tu, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na mashine ikajua. Hubandikwa kwenye ngozi ya mtu au kwenye roboti zao laini za mpira. Kikichoka, hufukiwa kwenye makopo ya udongo yaliyopangwa dirishani, kikaoza chote. Watu wazima wenye shahada zao hushindana cha nani kitaoza kwanza.

Nyumbani, kicheko kilikuwa kimehama. Baba yake, fundi viatu, alipata kiharusi na mkono wa kushoto ukalala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema wazi: usipofanyishwa kazi sasa, utakakamaa moja kwa moja. Baba akagoma.

"Huu umeshakufa," alisema. "Maiti hafanyi mazoezi."

Na mzee yule akishashika lake, hata umwimbie habanduki. Binti aliumia mno. Fimbo ya mbali haiui nyoka, akajisemea, akaomba ruhusa, akapewa jeli ya asubuhi ile na mkono mmoja wa roboti, akavitia kapuni, akavibeba hadi sebuleni kwao.

Mama akachungulia. "Hiki nini tena, yai viza?"

Mpishi akaeleza. Kihisi kitakaa kwenye kidole cha Baba. Kidole kikijitahidi, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, vidole vya mpira pale mezani vitajikunja.

"Na chenyewe kinaoza?" Baba aliuliza.

"Kikishamaliza kazi yake."

"Basi mimi nacho ni ndugu."

Mpishi akakibandika kidoleni, akakishikilia barabara. "Haya Baba, jaribu!"

Mkono wa mpira ukafumba ngumi. Mpishi akaruka, Mama akapiga vigelegele hadi paka akakimbilia nje. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya binti yake.

"Mwanangu, anayebonyeza ni wewe."

Kweli bwana! Kazini, kila akibandika kihisi, hukikandamiza kwa kidole gumba ili kishike, na mazoea yana taabu. Alikuwa amejipima mwenyewe. Machozi yakamlenga. Akarudi nyuma hadi ukutani, akaweka mikono kichwani kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Baba akamtazama, akaangua kicheko, cha kwanza tangu augue.

"Ngojeni kwanza niishiwe na kicheko," alisema, "msije mkasema ndicho kilichotikisa."

Akatulia, akakikazia macho kidole chake. Hakikuonekana kusogea. Mezani, vidole vya mpira vikajikunja taratibu, vikanyooka. Akarudia. Vikajikunja tena.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, Baba."

"Usinidanganye."

"Si unaniona niko huku ukutani!"

Mama aliingiza kidole chake kwenye kiganja cha mpira. "Nishike," akamwambia mumewe. Mpira ukamshika, kinyonge, lakini ukamshika. Mama akatabasamu, akakichomoa, akazunguka meza, akaketi kando ya mumewe na kukiweka kidole kilekile kwenye kiganja chake cha kushoto.

"Sasa huku," alisema. "Mimi sikuolewa na mpira."

Baba akauma meno, jasho likamtoka kwenye kipaji cha uso. Kutoka ukutani Mpishi hakuona chochote kikisogea. Alimwona tu Mama akifumba macho.

"Ehee," Mama alisema polepole. "Nimekusikia. Tena."