Vijiko vya Glenys

Nimeshona na kupiga pasi nguo za waigizaji pale studio ya Salford, Uingereza, miaka ishirini na sita, kwa hiyo habari za ustaa msinidanganye. Mastaa kazi yao kulalamikia kola. Glenys Ackroyd hakulalamika hata siku moja, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu.

Miaka tisa alimimina chai nyuma ya kaunta ya mkahawa kwenye mchezo wetu wa runinga, bila kutamka neno. Ndiyo kazi ya waigizaji wa pembeni: midomo unachezesha, sauti hutoi. Ukitoa, kesho usirudi. Mama yake, Bi Winifred, kule Rochdale, hakukosa kipindi. "Huyo wa aproni ya kijani ni wangu," aliwaambia majirani mpaka wakachoka.

Halafu mama akapofuka.

"Runinga naisikia," alimwambia binti yake, "lakini wewe sikuoni tena. Nitajuaje kama upo?"

Glenys alinisimulia haya nikimfunga aproni, akalia hadi wanja ukamchuruzika. Mimi nami nikalia, sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata akapata ujanja. Kila akipita mbele ya kamera, aligonga kijiko kwenye kisosi mara mbili: ti-ti. Kule Rochdale mama akisikia, anacheka peke yake. Tatizo, fundi sauti naye alisikia.

"Nani anagonga vijiko?" alifoka. "Huu mkahawa au kanisa?"

Akaonywa mara mbili. Mara ya tatu mwongozaji, Bi Hesketh, mwanamke asiye na masihara, akasimamisha kazi mbele ya watu wote.

"Glenys, unanitafuta nini? Sema kabla sijakutoa."

"Mama yangu haoni, bibie," alisema. "Hivyo vijiko ndiyo mimi."

Desmond Pargeter, staa wetu mzee mwenye maringo kupindukia, akakohoa.

"Jamani, mpeni mtoto wa watu neno la kusema! Miaka tisa ananiletea chai baridi, na hata kugombana hatujawahi!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Hesketh hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaamuru tuendelee. Tulirudi nyumbani tukijua kibarua cha Glenys kimeota nyasi.

Alhamisi zikaja karatasi za mchezo. Glenys alizisoma chumbani kwangu, amesimama. Desmond, ambaye kwenye mchezo anaitwa Ron, anauliza: "Utaacha lini kugonga hivyo vijiko?" Mhudumu anajibu: "Siku utakayokunywa chai ingali moto, Ron."

"Nina jibu!" alipiga kelele. "We, nina jibu!" Akanikumbatia na pini zangu zote kifuani, wala hakusikia zikimchoma.

Jibu lile lilimpatia jina kwenye mchezo, na miaka kumi na miwili ya kusema. Lakini mimi nakumbuka jioni ya kwanza, kipindi tulichorekodi kiliporushwa. Tulikwenda Rochdale na mikate ya nyama, tukamficha mama siri yetu. Glenys akakaa kando yake, kamshika mkono. Runinga ikaanza, Desmond akalalamika weee, kisha ti-ti, na sauti ya Glenys ikajaa sebule.

Mama alishtuka, akakaza mkono. Glenys hakuweza kuvumilia, akamwinamia sikioni: "Mama, umesikia? Ni mi—"

"Hebu nyamaza wewe!" Bi Winifred alimkatiza, akampiga kofi la mkononi. "Mwanangu anaongea."