Uyoga wa Ingegerd

Septemba ilipoingia, Letekidan alikuwa amechoka hata kabla baridi haijaanza kazi yake. Alfajiri alipiga deki katika shule ya watoto, alasiri akarudi katika jengo lilelile kuketi dawatini na kufundishwa Kiswidi. Deki ilimchosha mgongo, na mgongo hupona kwa kulala. Kiswidi kilimchosha mahali asipoweza kupakanda, pengine nyuma ya macho, na usingizi haukupafikia.

Wala hakuwa mtu wa kukosa maneno. Kwao Keren, nchini Eritrea, ndugu wakigombana au posa ikikwama, waliitwa wazee na yeye akaitwa pamoja nao, mwanamke wa miaka arobaini tu, kwa sababu ulimi wake ulijua njia ya kuingia kwa watu. Hapa Tallsele, mji mdogo wa kaskazini mwa Uswidi, alikuwa bubu. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Walimshikia mlango, wakampisha dukani, kisha wakanyamaza. Wao kwa wao pia walinyamaza. Hata ndiyo yao haikuhitaji neno: walibana midomo wakavuta pumzi ndani, fyu, kama mtu aliyekanyaga maji ya barafu, na hapo mmekwisha kukubaliana. Miezi ya kwanza Letekidan alidhani kila anayezungumza naye anaumwa jino.

Aliyemsemesha kwa hakika alikuwa mmoja, Ingegerd, bibi mjane aliyeishi ghorofa ya juu yake. Walijuana kwa kelele. Jumapili moja Letekidan alikuwa akikaanga buni kama ilivyo desturi ya kwao, moshi ukapanda, na king'ora cha moshi kilichobandikwa darini kikaanza kulia. Bibi alishuka na ufagio, akakigonga kwa mpini mpaka kikanyamaza. Kisha akanusa. Kisha akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo watu wa mji ule hawalifanyi hata kwa ndugu zao. Tangu siku hiyo kila Jumapili walikunywa kahawa pamoja, mara chini, mara juu. Ingegerd hakumpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Letekidan akipotewa na neno, yeye alingoja tu, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Letekidan alitaka kumwita adey, yaani mama yangu, maana kwao mtu wa umri ule hatajwi kwa jina tupu. Bibi alikataa. “Nina jina,” alisema. “Litumie, lisije likaota kutu.”

Jumapili ya kwanza ya Septemba Ingegerd alibisha hodi akiwa na vikapu viwili na kisu kidogo. Hakueleza waendako. Walipita kiwanda cha mbao, wakafuata njia ya zamani mpaka kizuizi cha chuma, wakapanda hadi kwenye dungu la wawindaji, kisha wakaingia msituni hasa. Bibi alitembea polepole, akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Walivuka kijito. Mbele ya kijito miti mitatu ya gome jeupe ilikuwa imeanguka, na nyuma yake ardhi yote ilikuwa ya manjano.

Ulikuwa uyoga, wa manjano kama kiini cha yai. Letekidan alisita, maana kwao uyoga ni kitu cha kupigwa teke. Ingegerd alipiga magoti yake mabovu, akakata mmoja, akampa anuse. Ulinukia kama tunda. Walikata mpaka vikapu vikajaa, wakauacha ule mdogo ukue.

“Mume wangu alinileta hapa tukiwa na miaka kumi na moja ya ndoa,” bibi alisema walipoketi kupumzika. “Kabla ya hapo aliniletea uyoga ndooni tu, mahali hakunitajia.”

Letekidan alicheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka. Alifuta kisu kwa upindo wa sketi, akaongeza, “Wewe hapa hujawahi kufika.”

Letekidan aliielewa kila sehemu ya sentensi ile, ila nzima ilimpita. Alikuwa amefika, si ndiye huyu aliyeketi? Akajibu ndiyo, kama alivyokuwa akizijibu sentensi zote alizozipata nusu, akasimama kubeba kikapu.

Siku chache baadaye mwalimu wao, Marita, aliwataka wanafunzi wasimame mmoja mmoja wasimulie jambo walilolifanya, kwa ajili ya kujizoeza mtihani. Wengine walisimulia walivyopika wali au walivyochelewa basi. Zamu ya Letekidan ilipofika aliinuka kwa uzito, akiwaza sentensi tatu tu kisha akae. Akaanza na kiwanda cha mbao. Sijui nini kilifunguka. Maneno yalikuja yakifuatana kama mbuzi wanaojua zizi lao: njia ya zamani, kizuizi, dungu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile alisikia sauti yake mwenyewe, ile ya Keren, ikisema kwa lugha ya wengine. Marita aliacha kumsahihisha. Alisogeza kiti karibu.

“Hapo kwenye dungu, mlipinda kulia au kushoto?” aliuliza.

“Kushoto. Mpaka kijito.”

“Halafu?”

“Miti mitatu imelala.”

“Imelala kuelekea wapi?”

Letekidan alimshukuru Mungu kwa mwalimu anayejua kumvuta mtu aseme. Akaeleza miti ilivyolala, hata akachora kwa mkono hewani. Alipokaa, Nawfal, mwoka mikate wa Homs aliyeketi dawati la nyuma, alimpigia makofi. “Dada, leo umefunguka kama bomba,” alisema. “Mimi hata nyumbani kwangu siwezi kumwelekeza mtu hivyo.” Usiku ule Letekidan alilala usingizi wa mtoto.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Marita alileta pai kwa ajili ya kahawa ya darasa. Alimkatia Letekidan kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Ilikuwa tamu, ya siagi, na ndani yake manjano. Letekidan alikula akasahau.

Jumapili Ingegerd alimwambia kwamba mvua imenyesha vya kutosha na ule mdogo sasa umekua. Friza yake ilikuwa na nafasi iliyosafishwa. Msimu wote wa giza, alisema, mtu huhitaji kitu cha kufungua kinachonukia kiangazi. Walipofika nyuma ya ile miti mitatu, hapakuwa na manjano. Palikuwa na majani ya kijani tu, na katikati yake vishina vyeupe vilivyokatwa sawasawa.

Bibi aliinama akagusa kishina kimoja. “Kisu,” alisema. “Si mnyama, wala si mpita njia. Huyu anajua.” Akaketi juu ya gogo. Baadaye akasema labda ni wawindaji. Akasema tena labda ni wawindaji, kwa sauti ya mtu anayetaka iwe hivyo.

Ndipo ladha ya ile pai ilipomrudia Letekidan mdomoni. Akaliona darasa zima, kiti kikisogezwa, mkono wake mwenyewe ukichora hewani. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa hakikuwa chake peke yake. Angeweza kunyamaza. Asiyejua lugha ana maficho mazuri. Hakuna amwulizaye kitu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiwaketisha wengine kule Keren na kuwaambia waseme walichofanya, na alikuwa amechoka mno kubeba na hili.

“Ni mimi,” alisema. Akaeleza, vibaya, maneno yakigongana.

Ingegerd hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu. “Uliwatajia na miti mitatu?”

“Na kijito.”

“Na kijito,” bibi alirudia.

Walirudi nyumbani. Kwenye ngazi bibi alipanda na kikapu kitupu, taratibu, akishika ukuta.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyebisha. Letekidan alikaanga buni akaacha mlango wazi ili moshi upande juu. Haukumshusha mtu. Siku ya darasa alimwuliza Marita kuhusu ule uyoga, naye akaona haya kidogo, akasema msitu ni wa kila mtu, ndiyo sheria ya hapa. Na ilikuwa kweli. Akamsifu kwamba kwa jinsi anavyoeleza mambo mtihani utakuwa rahisi, hebu asimame awasimulie kingine. Letekidan alisimama. “Sina cha kusimulia,” alisema, akakaa. Nawfal alimnong'oneza kwamba hilo nalo ni jibu la Kiswidi safi kabisa, lakini hakucheka.

Oktoba ilimwaga majani yote. Asubuhi alikwenda kazini gizani, jioni akatoka darasani gizani, na kati ya mawili hayo mwanga ulipita dirishani kama mgeni asiyetaka chai. Sentensi alizozijua zilianza kumtoka. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumapili moja aliweka buni jikoni kwa mazoea tu, akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua amesimama. Alizinduliwa na king'ora. Moshi ulikuwa mweusi. Kabla hajapata cha kupandia, Ingegerd alikuwa ndani na ufagio wake, akigonga.

Kiliponyamaza, bibi alitazama kikaango. “Umeiunguza.”

“Nimechoka, adey,” Letekidan alisema. Neno lilimponyoka.

“Naona.” Bibi alivuta kiti. Hakusema kitu juu ya lile neno. Letekidan alisaga buni ilivyokuwa, akaichemsha katika birika la udongo, na wakainywa chungu vilevile.

“Ulipowaeleza kule darasani,” Ingegerd alisema, “walikuelewa?”

“Wote.”

“Bila kurudia?”

“Bila kurudia.”

Bibi aliguna. Alizungusha kikombe, akatazama masimbi ya kahawa yaliyobaki chini. “Kuna mwingine, wa kahawia,” alisema. “Huonekana kwa shida. Hutoka nyasi zikianza kuganda. Si upande ule.”

Letekidan hakuthubutu kuinua macho.

“Jumapili ijayo. Vaa gambuti. Magoti yangu hayawezi tena kuinama, utakata wewe.” Kisha bibi akamtazama usoni. “Na huko hujawahi kufika.”

Safari hii sentensi ilimfikia nzima. Letekidan alikuwa na maneno mengi ya kuijibu, ya shukrani na ya viapo, kwa lugha mbili. Akayaacha yapumzike. Alibana midomo akavuta pumzi ndani, fyu.

Ingegerd alisogeza kikombe chake kijazwe tena.